Maisha ya Tom Mboya na Mgomo wa Kilindini

Wazee wetu wa Likoni na Changamwe waliovuka alfajiri kwenda Kilindini kutafuta kibarua waliijua vyema khofu ya kazi. Zama za Mwingereza, kazi ya bandari kwa wengi ilikuwa ya siku kwa siku. Asubuhi mtu huchaguliwa, ama hurejea kwake mikono mitupu. Serahangi aliyesimamia kikosi alikuwa ameshika chakula cha watoto wa watu mkononi mwake; hakuhitaji kupiga, kukunja uso kulitosha.

Mtu tumtajaye leo hakuwa wa dini yetu wala wa pwani yetu, lakini hatuoni haya kumtaja kwa wema alioutenda hapa.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Mzungu, upande wa Kilima Mbogo karibu na Thika. Baba yake, Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa nyapara wa shamba hilo. Basi mtoto huyu alikulia katika nyumba ya msimamizi, akaona tangu udogo jinsi mtu awezavyo kuamrisha wenziwe hali yeye mwenyewe anaamrishwa.

Alisoma shule za misheni, kisha akajifunza kazi ya ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi. Huko alikuta kwamba mkaguzi Mwafrika hupewa kama sehemu moja tu katika tano za mshahara wa mkaguzi Mzungu, kwa kazi ile ile. Siku moja alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa, akaingia bibi wa Kizungu. Mboya alimwamkia. Yule bibi akatazama huku na huku, akauliza kama hamna mtu humo. Mboya naye akamuuliza kama macho yake yana kasoro. Twadhani aliyetendewa hivyo hahitaji kufundishwa na kitabu maana ya kumheshimu mfanyakazi. Ingawa wako wengi waliodharauliwa wakiwa chini, nao walipopanda wakadharau zaidi.

Aliwaunganisha watumishi wa mabaraza ya miji katika chama chao, na mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Kenya. Zilikuwa siku za hali ya hatari, viongozi wengi wako kizuizini.

Mombasa ilikwisha kugoma mwaka 1939, na tena Januari 1947, mgomo mkubwa wa mji mzima. Baada ya ule wa 1947 Serikali ilimkamata Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi, ikamhamishia mbali bara, kana kwamba njaa ya watu iko katika kifua cha mtu mmoja. Machi 1955 wachukuzi wa Kilindini wakagoma tena. Serikali ilikuwa na askari na sheria kali za kutisha. Mboya akaja kutoka Nairobi akiwa na umri wa miaka 24, hana uwezo wa kumfukuza mtu kazi wala wa kumfunga. Akawasikiliza, akawaambia warejee kazini, naye atawasemea kwa matajiri hata yapatikane mapatano. Wakarejea.

Hapa ndipo penye uzito wa khabari. Watu wale waliweka silaha yao ya pekee chini kwa neno la kijana mgeni. Lau angalirudi Nairobi akawasahau, asingaliweza tena kusimama mbele ya mfanyakazi yeyote wa pwani. Lakini alikaa katika mazungumzo, na wachukuzi wakapata nyongeza ya asilimia 33 ya mshahara. Matajiri nao waliona jambo ambalo virungu havikuwahi kuwaonyesha: kwamba meli hupakuliwa vyema na mtu aliyeulizwa shauri lake.

Baadaye alikwenda kusoma Oxford, akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Kazi. Oktoba mwaka huo waajiri, vyama na Serikali walitia sahihi mkataba wa uhusiano kazini, ambamo pande zote zililaani kutisha na kuonea, zikakubali kupatana kwa mazungumzo.

Hatusemi alikuwa malaika. Serikali aliyokuwamo ilibana haki ya kugoma kwa sheria ya 1965, na wako wana vyama waliomwona amewapa kisogo wenziwe wa zamani. Malalamiko hayo yalikuwa na haki yake.

Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka duka la dawa mjini Nairobi, akafa akiwa na umri wa miaka 38. Amezikwa Rusinga, kwa wazee wake.