Pénaud: Mtu wa Magongo Aliyeirusha Ndege ya Mpira

Masika moja nalikuwa mgeni kwa jamaa zangu Ruiru. Nyumba waliyopanga ina dari ya mbao iliyoinama, hata mtu mrefu aweza kuigusa kwa kiganja. Mvua haikukatika siku tatu, na matope ya huko, kwa sisi tuliozoea mchanga wa pwani, ni adhabu. Mjukuu wangu akazuiwa asitoke. Basi akatoa kijindege alichokiunda mwenyewe kwa njiti, karatasi ya nailoni ya kufungia mkate na mpira uliochanwa. Akaisokota rafadha kwa kidole, mizunguko kama mia, akakiachia. Kikapanda kama fataki, kikagonga dari, kikaangukia sinia la chai. Mama yake akafoka. Mimi nikacheka, kisha nikamkumbuka mtu ambaye kijana yule alikuwa akiicheza kazi yake bila kumjua.

Mtu huyo ni Alphonse Pénaud, Mfaransa, aliyezaliwa Paris tarehe 31 Mei 1850. Baba yake alikuwa jemadari wa majini, na ilitarajiwa mwana naye apande manowari. Lakini maradhi ya nyonga yalimshika angali mdogo, yakamfanya mtu wa kutembelea magongo. Bahari ikamkataa. Akaugeukia upepo.

Wakati huo waliotaka kurusha vyombo vidogo walitumia kamani za saa au pinde. Kamani ni nzito, na upinde huisha nguvu mara moja. Mwaka 1870 Pénaud, kijana wa miaka 20, alisokota nyuzi za mpira, akazifunga rafadha zenye kutazama juu, chombo kikapaa. Mpira ni mwepesi, hubeba nguvu nyingi kwa uzito wake, na bei yake ni ndogo. Hata misitu yetu ya pwani ilikuwa na mitambazi itoayo utomvu wa mpira, bidhaa iliyopitia Unguja kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19.

Lakini kupaa si kwenda. Chombo chenye mabawa kikiachwa peke yake hudidimiza pua au hulala ubavu, na mwisho wake ni chini. Waliosoma habari za Andalusi watamkumbuka Abbas bin Firnas, mwanachuoni wa Cordoba wa karne ya 9, aliyejivika manyoya na mabawa akajirusha. Aliruka, lakini aliumia katika kutua. Al-Maqqari, aliyeandika habari zake karne nyingi baadaye, anaeleza kwamba sababu ni kuwa hakujifanyia mkia.

Mkia huo ndio alioushughulikia Pénaud. Aliuweka nyuma ya mabawa, akauinamisha kidogo kuliko mabawa yenyewe, hivi kwamba pua ikishuka na mwendo ukizidi, upepo huukandamiza mkia chini na pua ikainuka. Ncha za mabawa akazikunja juu, ili chombo kikilala upande kijirudishe. Mvuvi wa ngalawa ataelewa upesi: mirengo yake ya pande mbili hufanya kazi ya namna hiyo juu ya maji.

Tarehe 18 Agosti 1871 alikichukua chombo chake hadi bustani ya Tuileries mbele ya mashahidi wa chama cha wapenzi wa anga. Paris ilikuwa imetoka vitani, na kasri lililokuwa kando ya bustani hiyo lilikuwa limeteketea kwa moto mwezi Mei. Hapo, karibu na magofu, mtu wa miaka 21 aliachia kitu cha gramu 16, thuluthi karibu yake ikiwa mpira mtupu. Kikaenda takriban mita 40 kwa sekunde 11, sawasawa, bila ya mkono wa mtu. Hapana chombo kizito kuliko hewa kilichokuwa kimeonyesha utulivu wa namna hiyo hadharani.

Ungedhani milango ilifunguka. Mwaka 1876 yeye na fundi mitambo Paul Gauchot walipata hati ya uvumbuzi wa ndege ya watu wawili: magurudumu ya kukunjwa, tumbo la kuelea majini, kioo mbele ya rubani, na usukani mmoja wa kuongoza mkia. Mambo hayo rubani wa leo huyaona ya kawaida. Wakati ule walimcheka. Mashine nyepesi ya kuisukuma ndege hiyo haikuwapo, wala fedha za kuijenga. Alimwendea Henri Giffard, tajiri ambaye mwaka 1852 alirusha puto la kuongozwa kwa mvuke. Matumaini yalikuwapo, kisha yakakatika. Inasimuliwa kwamba Pénaud aliitia michoro yake katika kijisanduku mfano wa jeneza, akampelekea. Oktoba 1880 alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 30. Hukumu ya dini yetu katika jambo hilo inajulikana. Mimi nasema tu kwamba waliomcheka walikuwa wengi, na aliyemshika mkono sikumwona katika habari zake.

Hakujua kwamba miaka miwili kabla, mwaka 1878, kasisi mmoja wa Marekani aliwaletea wanawe kichezeo kilichofuata mtindo wake wa mpira. Kilipaa chumbani, kikagonga dari, kikatapatapa, kikashuka. Watoto hao ni Wilbur na Orville Wright, mmoja wa miaka 11, mwingine 7. Kilipovunjika waliunda vingine. Tarehe 17 Desemba 1903 Orville aliruka ndani ya ndege yenye mashine: sekunde 12, mita 36 na kitu.

Nalimsimulia mjukuu wangu haya yote, naye akataka jambo moja tu: dari. Nikamwambia wanaorusha vijindege ndani ya nyumba hawataki nguvu ya ghafula. Mpira uliosokotwa sana hutoa nguvu zake nyingi mwanzo, na hapo ndipo dari hugongwa. Wao hutumia mpira mrefu na mwembamba, huusokota mpaka mwisho, kisha huurudisha mizunguko kadhaa kabla ya kuachia.

Mvua ilipopungua tulikwenda Thika, fundi wa baiskeli akatuchania utepe mwembamba kutoka mpira mkuukuu wa ndani ya gurudumu. Tukaupaka sabuni usikwaruzane. Usiku ule, Ruiru, kijindege kilizunguka taa mara mbili, polepole, shubiri moja chini ya dari, kikatua juu ya mkeka. Mama yake aliliondoa sinia mapema.