Mfagizi Aliyechoka Kukohoa

Kwetu Mbinga, kiangazi kikikolea, vumbi jekundu halina adabu. Linaingia hadi mvunguni. Dawa yake ni kunyunyiza maji kwanza, ndipo ufagie. Sasa jaribu hiyo kwenye ngazi zenye zulia! Utapata matope. Na ukifagia kavu, vumbi linahamia kifuani mwako.

James Murray Spangler aliyajua hayo. Alizaliwa Marekani mwaka 1848. Alibuni mashine za shamba, lakini hazikumtoa kimaisha. Uzeeni akawa mfagizi wa duka kubwa mjini Canton, Ohio, huku anaugua pumu. Kila akifagia mazulia, kifua kinabana.

Uingereza, Hubert Cecil Booth alikuwa ameshatengeneza mashine ya kunyonya vumbi mwaka 1901. Ila ilikuwa kubwa mno: inavutwa na farasi, inabaki barabarani, mipira inapitishwa madirishani. Spangler alitaka kitu ambacho mtu mmoja anakibeba. Mwaka 1907 akaunganisha mota ya umeme, sanduku, mpini wa fagio, na foronya ya kukusanyia vumbi. Basi!

Mwaka 1908 alipata hataza, na mwaka huohuo William Hoover, mfanyabiashara wa bidhaa za ngozi, akainunua. Spangler alifariki 1915. Dunia ikakariri jina la Hoover.

Kwa hiyo wanazuoni, kesho ukimkuta dada wa usafi anakohoa kwenye ngazi za hosteli, usimruke tu ukiwahi kipindi. Msalimie, muulize. Anayekula vumbi ndiye anayejua mashine gani inahitajika.