Aliyeondoka Angali Akitakiwa

Wako viongozi wengi ambao historia huwasifu kwa namna walivyoyatwaa madaraka. Wachache husifiwa kwa namna walivyoyaacha. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya mmoja wa hao wachache, George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, na kuyapima pasipo chuki wala upendeleo.

Alizaliwa tarehe 22 Februari, 1732, katika koloni la Virginia, lililokuwa chini ya Uingereza. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka 11, naye katika ujana wake alijipatia riziki kwa kazi ya kupima ardhi. Mwaka 1775, makoloni yalipoinua silaha dhidi ya Mfalme, alikabidhiwa uamiri jeshi. Mwaka 1782 afisa mmoja alimwandikia akimshauri awe mfalme, akamkemea vikali. Desemba 1783, baada ya ushindi, alikwenda mjini Annapolis, akaurudisha uamiri jeshi kwa Bunge lililompa, akarejea shambani kwake Mount Vernon.

Hakuachwa apumzike. Mwaka 1787 aliongoza mkutano wa kutunga Katiba mjini Philadelphia. Katiba hiyo ilimpa Rais muhula wa miaka 4, lakini haikuweka kikomo cha mihula. Katika uchaguzi wa kwanza, mwaka 1789, wajumbe wachaguzi wote 69 walimpa kura. Mwaka 1792 alitaka kustaafu. Jefferson na Hamilton, mawaziri wake waliokuwa hawapatani karibu katika kila jambo, walipatana katika hili moja: kumsihi abaki. Akabaki, na wajumbe wote 132 wakamchagua.

Mwaka 1796 hakushawishika tena. Mwezi wa Septemba alitoa gazetini waraka wa kuwaaga wananchi, akawaonya juu ya ushabiki wa vyama na mivutano ya majimbo. Sisi tulio wanachama hatuna sababu ya kulikwepa onyo hilo. Chama kikiwa chombo cha umma, hujenga. Kikigeuzwa ngazi ya wachache, hubomoa. Mwaka ule ule Adams alimshinda Jefferson kwa kura 71 dhidi ya 68. Katika uchaguzi wa mwaka 1800 Jefferson na Burr walifungana kwa kura 73, hata Baraza la Wawakilishi likapiga kura mara 36 ndipo Jefferson akapatikana. Hata hivyo serikali ilitoka mkono mmoja ikaingia mkono mwingine bila damu kumwagika. Jefferson, Madison na Monroe kila mmoja aliondoka baada ya mihula miwili. Mila hiyo haikuvunjwa hadi mwaka 1940, Franklin Roosevelt alipochaguliwa mara ya tatu. Na mwaka 1951 Katiba ikarekebishwa, mila ikawa sheria.

Lakini hatuwezi kuishia hapo. Washington alipofariki tarehe 14 Desemba, 1799, watu zaidi ya 300 walikuwa wakitumikishwa Mount Vernon katika utumwa. Hao hawakuwa na kura katika chaguzi tulizozitaja, wala hawakuwa nayo wafanya kazi wengi wasio na mali. Katika wosia wake aliagiza wale waliokuwa wake mwenyewe, wapatao 120, waachiwe huru baada ya kifo cha mkewe. Mjane akawaachia mapema, Januari 1801. Wengine, waliotokana na urithi wa mume wa kwanza wa mjane huyo, walibaki utumwani. Urais aliuacha baada ya miaka 8. Ubwana juu ya watu hao aliushika hadi pumzi ya mwisho.

Twamsifu basi kwa lile alilolitenda, wala hatulifichi lile aliloshindwa kulitenda. Cheo ni dhamana, na dhamana hurudishwa kwa mwenyewe. Bali kiongozi hapimwi kwa kuondoka ikulu peke yake. Hupimwa pia kwa hali ya yule anayemlimia shamba.