Mary Anderson, mama mwenye alianzisha esiglasi

Kila mwaka, wakati mvula ya kwanza inanyesha mu Katanga, tunaona jambo lile lile ku barabara ya Likasi. Motokari inasimama pembeni, shofere anashuka na kitambaa mu mukono, anapanguza kioo cha mbele, anapanda, anaendesha kidogo, anasimama tena. Miezi yote ya jua hakuna mwenye aligusa esiglasi, na siku yenye inaombwa ifanye kazi, motere yake imekufa. Mwaka uliopita ilitupata sisi wenyewe. Ilikuwa mangaribi, kamyo za minere zinatupita na kuturushia matope, na esiglasi ikasimama katikati ya kioo. Tulifika nyumbani kichwa inje ya dirisha, shati imelowana mupaka ku mukaba.

Siku ya Yenga, wakati tulikuwa tunatosha ile motere mu lupango, jirani yetu alikuja kusimama karibu, papa mumoja mwenye alifanya kazi miaka mingi mu shimo. Akatuuliza ni mwanaume gani alifikiria hiki chombo kwanza. Tulipomuambia kama hakukuwa mwanaume, alicheka, akasema tunamudanganya. Njo maana tunaandika leo maisha ya ule mama.

Mary Anderson alizaliwa tarehe 19 mwezi wa 2 mwaka 1866, mu jimbo la Alabama, kusini ya Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vyenye vilimaliza utumwa mu ile inchi, vilikuwa vimeisha mwaka mumoja tu mbele. Jamaa yake ilikuwa na shamba kubwa, na inafaa tuseme wazi: hawakuwa maskini, na mashamba makubwa ya kule yalikuwa yamelimwa na watumwa. Lakini baba yake alikufa mu 1870, mutoto akiwa na miaka 4. Nyumba ikabaki na mama yao Rebecca, Mary, na dada yake Fannie. Kwa hiyo alikomalia fasi kwenye wanamuke njo walikuwa wanahesabu feza na kupanga mambo.

Mu 1889 wakahamia Birmingham. Haiko ile ya Uingereza, hata kama jina lilitoka kule. Hii ya Alabama ilianzishwa mu 1871, na msomaji wa Kolwezi ao wa Kipushi angejisikia kwake haraka. Chini ya udongo wake kulikuwa minere ya chuma, makala ya mawe, na mawe ya chokaa, vyote vitatu karibu karibu, na hivyo vitatu njo vinaombwa ili kuyeyusha chuma. Mulima wenye wanaita Red Mountain, ni kusema mulima mwekundu, ulikuwa na chuma ndani yake. Mu miaka kidogo, fasi yenye ilikuwa mashamba ikakuwa muji wa migodi, wa matanuru na wa reli. Watu walikuwa wanafika kutafuta kazi, na mutu mwenye kutafuta kazi anatafuta pia fasi ya kulala. Mama na mabinti wake waliona ile jambo vizuri: wakajenga nyumba kubwa ya kupangisha ku Highland Avenue, wakaiita Fairmont Apartments.

Mu 1893 Mary akaenda mbali, mupaka Fresno mu California, akaendesha shamba la ng'ombe na la mizabibu. Alikaa kule mupaka 1898, kisha akarudi Birmingham kutunza mama mumoja wa jamaa mwenye alikuwa mugonjwa. Hakuolewa. Hakusoma mambo ya masini. Mupaka hapo ni maisha ya mama mwenye kujua kuendesha mali yake, na kama si safari moja, hakuna mutu wa leo angejua jina lake.

Ile safari alienda New York, mu wakati wa baridi kali, karibu na mwanzo wa mwaka 1903. Alipanda tramu. Theluji yenye kuchanganyika na mvula ilikuwa inashika ku kioo cha mbele, na dereva hakuona tena njia. Dawa ya wakati ule ilikuwa nini? Kioo cha mbele kilikuwa cha vipande, na dereva alikuwa anafungua kipande chenye kuwa mbele yake. Basi baridi na maji vinamupiga mu uso, na watu wenye kukaa nyuma wanatetemeka. Kila mutu mu New York alijua ile shida, wakaizoea sawa vile sisi tunazoea mashimo mu barabara. Mary yeye alitoka kusini, fasi ya joto, hakuwa amezoea. Tunafikiri njo ilimusaidia: mutu mugeni anashangaa kwa kitu chenye wenyeji hawaone tena.

Kisha kurudi nyumbani, alichora. Alitafuta mutu wa kumusaidia kuweka muchoro sawa, na kampuni moja ya Birmingham ikatengeneza mufano wa kweli. Chombo kilikuwa hivi: ndani, karibu na dereva, kuko mupini. Ukiuzungusha, mukono wenye kuwa inje unatembea juu ya kioo, na ku ule mukono kuko kipande cha mupira chenye kupanguza. Uzito mudogo unasaidia mupira ubaki umekandamiza kioo. Na wakati wa jua, unaweza kutosha chombo chote, kisikae bure. Hakuna motere, hakuna umeme. Nguvu ni ya mukono wa dereva. Lakini mutu mwenye kufungua kapo leo atatambua kila kitu: mukono, mupira, na jambo kubwa zaidi, ni kusema dereva anabaki ndani na kioo kinabaki kimefungwa.

Aliomba breve tarehe 18 mwezi wa 6 mwaka 1903. Siku mbili tu mbele ya hapo, mu muji wa Detroit, Ford walikuwa wameandikisha kampuni yao. Hawakujuana, lakini mambo yao yalikuwa yanaenda fasi moja. Tarehe 10 mwezi wa 11, breve ikatoka, namba 743,801, ya miaka 17. Ili tuone ni zamani gani: Union Minière ilizaliwa paka mu 1906, na muji wetu Lubumbashi ulianza mu 1910.

Sasa, breve ni nini? Kwa wasomaji wetu, tufikirie permi ya kuchimba. Karatasi inasema hii fasi ni yako, hakuna mwingine mwenye kuigusa, kwa miaka fulani. Lakini karatasi haichimbe. Kama hauna masini, hauna feza ya kulipa wafanyakazi, hauna munuzi, miaka inakimbia, na siku permi inaisha, kila mutu anaingia. Njo ilimupata Mary Anderson.

Mu 1905 alijaribu kuuza haki yake kwa kampuni moja ya Kanada. Jibu lilifika kwa barua: hawakuona kama chombo kina biashara ya kutosha. Tunaweza kuwacheka leo, lakini tuhesabu sawa wao walihesabu. Mu 1905 motokari zilikuwa kidogo sana, kitu cha matajiri, na nyingi hazikukuwa hata na kioo cha mbele. Walihesabu motokari zenye zilikuwa, hawakuhesabu zenye zilikuwa zinakuja. Model T ya Ford ilitoka mu 1908, na mupaka 1927 walitengeneza zaidi ya milioni 15. Kila moja ilikuwa inaenda mu mvula.

Breve ikaisha mu 1920. Miaka miwili kisha, mu 1922, Cadillac wakaanza kuweka esiglasi ku motokari zao zote wakati wa kuzitengeneza, mununuzi asiombe tena. Kampuni zingine zikafuata. Mary hakupata kitu mu ile yote.

Kuko watu wenye kusema walimuiba. Sisi hatuwezi kusema hivyo. Sheria ilifuatwa mupaka mwisho, na hakuna mwenye aliruka lupango lake. Chenye tunaona kibaya ni kingine: mutu mwenye kuwa na akili bila kiwanda alikuwa anaomba mulango kwa wenye viwanda, na kama ni mwanamuke, mulango ulikuwa muzito zaidi. Mama mwingine, Charlotte Bridgwood, alipata breve mu 1917 ya esiglasi ya umeme, yenye kupanguza na vitu vya kuviringika. Yeye pia hakupata feza.

Wakati ule kampuni zilikuwa zinatafuta namna dereva asizungushe tena kwa mukono. Kulikuwa esiglasi zenye kuvutwa na pumuzi ya motere kubwa ya motokari, lakini ukipanda mulima na kukanyaga gazi zilikuwa zinalala, wakati wenyewe ulikuwa unazihitaji. Mu 1926 Bosch wa Ujerumani wakaleta esiglasi yenye motere yake ya umeme. Ile njo babu ya motere yenye ilitufia ku barabara ya Likasi.

Tuiseme kidogo, juu mvula haingoje. Kama esiglasi haitembee, usikimbilie kununua motere. Angalia kwanza fizibule. Kisha sikiliza: kama motere inalia na mikono haitembee, motere ni muzima, kitu kimelegea ku vyuma vyenye kuunganisha. Kama kuko kimya na umeme unafika, hapo motere imekufa. Fungua waya wa batri wa upande wa minus mbele ya kuweka vidole, juu vile vyuma vinaweza kukata kidole. Weka alama ku kioo fasi mikono inalala, tosha mikono, tosha plastike ya chini ya kioo, chomoa waya, fungua bulo.

Na hapa njo wengi wanakosea, na sisi tulikosea. Ndani ya motere kuko kitu chenye kuikumbusha fasi ya kupumuzika. Ile mupya, iunganishe kwanza na waya, rudisha batri, iwashe, kisha izime, ingoje isimame yenyewe. Toa tena batri, na hapo tu unafunga ule mukono mufupi wa chuma, sawa vile ulikuwa. Kama unafunga bila hivyo, esiglasi itakuwa inalala katikati ya kioo. Yetu ililala katikati ya kioo. Tulifungua kila kitu mara ya pili, jirani akiwa anacheka.

Mary Anderson yeye aliendelea na kazi yake ya kupangisha. Aliendesha Fairmont Apartments mupaka kufa kwake, mu ule muji wa chuma na makala, na motokari zenye esiglasi zilikuwa zinapita mbele ya mulango wake kila siku. Alikufa tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka 1953, ku Monteagle mu Tennessee, akiwa na miaka 87, wakakuja kumuzika Birmingham, mu makaburi ya Elmwood. Mu 2011, miaka 58 kisha, jina lake liliingizwa mu National Inventors Hall of Fame, fasi kwenye Marekani inaandika watu wenye walivumbua vitu.

Jirani yetu alisikia yote hii akiwa amekaa ku kiti, bulo mbili mu mukono. Akauliza tena, kweli hakupata hata franka moja? Tukasema hapana. Akanyamaza, akatupatia bulo ya mwisho, na mutoto wake akaenda kuteka ndoo ya maji ya kumwanga ku kioo.