Johannes Rebmann: Mtumishi Aliyekubali Kukaa

Wiki hii nimeombwa niandike maisha ya mtumishi mmoja wa zamani, na sikupata shida kuchagua. Nimemchagua Johannes Rebmann, mmishonari wa Rabai. Wengi wetu tunamsikia Krapf, na huyu mwenzake tunampita haraka. Lakini mimi kwetu ni Kilema, chini ya Mlima Kilimanjaro, upande wa Tanzania, na huu ni mwaka wangu wa pili nikijitolea katika huduma ya watoto hapa Kilifi. Rebmann aliishi ndani ya kaunti hii hii, na kutoka hapa alitembea kwa miguu mpaka kwetu. Kwa hiyo namwona kama mtu wa pande zote mbili, kwenu na kwetu.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820, katika mji mdogo wa Gerlingen, Ujerumani. Alisomea utumishi huko Basel, Uswisi, kisha Uingereza chini ya shirika la CMS. Alifika Mombasa Juni 1846 akiwa na miaka 26. Alimkuta Krapf peke yake, kwa kuwa miaka miwili kabla, Julai 1844, Krapf alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga hapo Mombasa. Yaani kijana anashuka kwenye chombo, na jambo la kwanza analoonyeshwa ni makaburi.

Agosti mwaka huo huo wakahamia Rabai, baada ya wazee wa Kirabai kuwapa ruhusa ya kukaa. Siku ya kupanda kile kilima wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa. Walikuwa na punda mmoja, wakawa wanapokezana: huyu akipanda, yule anatembea. Ndivyo kazi ya Injili ilivyoanza Rabai.

Sasa tuje kwenye maisha ya kila siku, maana hapo ndipo utumishi unapopimwa. Safari ya kuja kila mtu anaiweza. Tabu huanza mwezi wa pili, wa tatu, wageni wanapoacha kukuita mgeni. Jua la mchana, maji ya kuchota, mbu usiku, salamu ndefu ambazo ukizikatiza unaonekana huna adabu. Mimi Mwafrika tena jirani, na bado ilinibidi nijifunze. Kwetu nimezoea baridi na ndizi. Hapa ni sima na mchunga, na ule uchungu wa mchunga si mchezo siku ya kwanza. Hebu fikiria kijana kutoka Ujerumani, wakati ambao hakuna dawa ya uhakika ya homa, na barua ya nyumbani inachukua miezi.

Rebmann alianza na lugha. Alikaa na watu, akauliza jina la kila kitu, akaandika. Alijifunza Kirabai na Kiswahili, na baadaye Kinyanja kutoka kwa mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini, aliyetekwa huko upande wa Ziwa Nyasa. Angalia hapo, mpendwa. Watu wengine walimwona Salimini kuwa mali ya kununuliwa. Rebmann aliketi chini kama mwanafunzi na Salimini akawa mwalimu. Kamusi iliyotokana na vikao hivyo ilichapishwa 1877.

Na watoto? Rebmann alijaribu kufundisha watoto wa Rabai kusoma. Walikuja wachache, na kuja kwenyewe ni leo yupo, kesho hayupo. Kuna shamba, kuna mbuzi, kuna mdogo wa kubebwa mgongoni. Walimu wa Shule ya Jumapili mnajua hali hiyo, haijabadilika sana. Yeye aliendelea na hao hao wachache.

Mwaka 1848 alifunga safari ya kwenda Uchagani, akiongozwa na Bwana Kheri, mzoefu wa misafara. Hakubeba bunduki, alibeba mwavuli. Tarehe 11 Mei 1848 akaona kilele cheupe cha Kilimanjaro, akatambua kuwa ni theluji. Habari zilipochapishwa Ulaya, wasomi wakamcheka. Mmoja wao, Cooley wa London, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alishikilia kwa miaka kuwa theluji karibu na ikweta haiwezekani. Rebmann alikuwa ameandika alichokiona, basi. Mwaka 1862 Mjerumani mwingine, von der Decken, alipanda sehemu ya mlima huo, na ikajulikana Rebmann alisema kweli.

Safari ya tatu, 1849, ilikuwa chungu. Mangi Mamkinga wa Machame alimaliza karibu vitu vyote alivyobeba kwa ajili ya safari ya mbele. Alirudi Rabai amechoka, mgonjwa, mikono mitupu. Na Rabai nako misiba iliendelea. Wagner, kijana aliyeletwa kusaidia, alifariki mwaka ule ule wa 1849 alipowasili. Pfefferle naye akafariki 1851, mwaka aliofika. Mwaka 1853 Krapf akaondoka kwa sababu ya afya. Mwaka 1855 Erhardt naye akaondoka. Akabaki Rebmann.

Hakubaki peke yake kabisa. Mwaka 1851 alikuwa amemwoa Emma, Mwingereza aliyekuwa akitumika Misri. Wakajaliwa mtoto wa kiume, akafa akiwa mchanga. Mwaka 1857 mashambulizi ya Wamasai yaliwalazimisha kukimbilia Unguja. Hapo angekuwa na sababu nzuri sana ya kupanda meli moja kwa moja mpaka Ulaya, na hakuna ambaye angemlaumu. Mambo yalipotulia walirudi Rabai. Mwaka 1866 Emma akafariki. Rebmann akaendelea kukaa.

Mpendwa, nataka tuseme ukweli hapa. Matunda yalikuwa wapi? Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mwenye ulemavu wa mwili, tena alibatizwa akiwa karibu kufa. Baadaye akaja Abe Gunja. Kwa miaka ishirini na tisa Rebmann hakurudi Ulaya hata mara moja, na waumini aliowaacha walikuwa wachache sana. Angekuwa mtumishi wa siku hizi, tungemwuliza: mtumishi, picha za mkutano ziko wapi? Wangapi wameokoka? Wageni waliomtembelea walimwona mtu aliyeshindwa, aliyejifungia na makamusi yake.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya watoto ninaowahudumia. Watu wa kujitolea huja kutoka nchi nyingi. Wengine hukaa wiki mbili, wengine mwezi. Wanacheza na watoto, wanaimba, wanagawa peremende na kalamu, wanapiga picha, wanaondoka. Mioyo yao ni mizuri, siwasemi vibaya. Lakini wiki yangu ya kwanza hapa, watoto hawakuniuliza jina. Waliniuliza, Mwalimu, unaondoka lini? Mtoto wa miaka saba ameshajifunza kwamba watu wa Mungu ni watu wa kuondoka. Hicho ni kitu kizito, kanisa. Mtoto akipenda na kuachwa, akapenda tena na kuachwa tena, mwisho anaacha kupenda, na ukimhubiria kuwa Yesu hamwachi anakutazama tu.

Ndiyo maana naheshimu kukaa kwa Rebmann. Mwaka 1864 walikuja Rabai Waafrika waliolelewa Nasik, India, baada ya kuokolewa katika utumwa. Kati yao alikuwemo William Jones, aliyekamatwa akiwa mtoto mdogo. Walikuta lugha imeshaandikwa, wazee wameshazoea habari za Injili, na mtu wa kuwapokea yupo. Huyo Jones, baada ya Askofu Hannington kuuawa Busoga mwaka 1885, ndiye aliyeurudisha msafara mpaka Rabai, mapema 1886. Akawa mchungaji. Watoro wa utumwa walikimbilia Rabai na vituo jirani kwa mamia, na siku ya kwanza ya Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 walipewa hati za uhuru. Rebmann hakuyaona hayo.

Maana William Price wa CMS alipofika mwishoni mwa 1874, alimkuta Rebmann karibu haoni kabisa. Mwaka 1875 akarudishwa Ulaya akiongozwa na Isaac Nyondo, kijana wa huku huku. Aliyekuja kuongoza wengine aliondoka ameshikwa mkono na mtoto wa Rabai. Alifariki Korntal, Ujerumani, tarehe 4 Oktoba 1876, jirani na rafiki yake Krapf. Alikuwa na miaka 56.

Tunajifunza nini? Kwanza, si kila mtu ameitwa kukaa miaka ishirini na tisa, na wa wiki mbili naye ana nafasi yake. Lakini wa wiki mbili aje kumsaidia anayekaa: amfuate mwalimu wa hapa, asichukue nafasi yake mbele ya watoto. Wala usimwahidi mtoto kurudi kama hujui kama utarudi. Pili, jifunze lugha na salamu kabla ya kufundisha. Ukikaribishwa chakula, kula. Tatu, usipime kazi ya Mungu kwa hesabu ya Jumapili moja. Someni 1 Wakorintho 3:6-8 nyumbani wiki hii, mkiwa na watoto.

Na sisi wenyeji na majirani tusiwaachie wageni watoto wetu. Shule ya Jumapili ya kanisa letu inahitaji walimu ambao Jumapili ijayo watakuwepo, na Jumapili ya Desemba watakuwepo, hata mvua ikinyesha, hata wakija watoto wanne tu.

Tuombe: kwa ajili ya watoto walioachwa mara nyingi, Bwana awaponye mioyo. Kwa ajili ya wanaojitolea mbali na kwao, Bwana awape afya na uvumilivu. Na kwa ajili ya kila mmoja wetu, atupe neema ya kukaa pale alipotuweka. Amina.