Mikhail Mil, mhandisi aliyefariki kabla ya Mi-24 kuingia vitani

Wakaaji wa Rutshuru na Nyiragongo wanaijua helikopta ya Mi-24. Mwaka 2012 na 2013, wakati wa vita na M23, zile za FARDC na za MONUSCO zilipita juu ya mashamba yao zikienda kushambulia. Lakini wachache wanajua kwamba herufi hizo, Mi, zinatokana na jina la mtu.

Mikhail Mil alizaliwa tarehe 22 mwezi wa kumi na moja 1909 katika muji wa Irkutsk, Siberia. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Kijana huyo alisomea uhandisi, akamaliza masomo mwaka 1931. Mwaka 1941, Ujerumani iliposhambulia Umoja wa Kisovieti, alipelekwa karibu na uwanja wa mapigano kama mhandisi wa kikosi kidogo cha otojiro, ndege zenye mapanga juu.

Mwisho wa mwaka 1947 alipewa ofisi yake ya kubuni helikopta. Mi-1 iliruka mwaka 1948, Mi-4 mwaka 1952, kisha Mi-6 na Mi-8. Zilibeba mizigo, wagonjwa na askari.

Katika miaka ya 1960, Mil alitaka helikopta yenye silaha nzito ambayo ingebeba pia askari 8 na kuwashusha penye mapigano. Waziri wa ulinzi Malinovsky hakukubali wazo hilo, lakini naibu wake Grechko aliliunga mkono, na kazi ikaendelea. Mi-24 iliruka mara ya kwanza mwezi wa tisa 1969.

Mil alifariki Moscow tarehe 31 mwezi wa kwanza 1970, akiwa na umri wa miaka 60. Marat Tishchenko ndiye aliyeendeleza kazi.

Mi-24 ilipigana Ogaden, Angola na Afghanistan. Huko Afghanistan iliogopwa sana, mpaka mwaka 1986 wapiganaji walipopata makombora ya Stinger ya Marekani, yanayorushwa kutoka begani. Hapo marubani walilazimika kubadili namna ya kuruka.

Leo, zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake, Mi-8 inashusha wagonjwa na chakula, na Mi-24 inashusha moto. Zote mbili zilitoka katika ofisi ya mtu mmoja.