John Boyd Dunlop: daktari wa wanyama aliyetia hewa ndani ya mupira

Kwenye barabara ya kitaifa nambari 5, kati ya Uvira na Baraka, siku hizi unakutana na magari madogo yanayopita karibu bila kelele. Ni yale ya hibridi, yenye injini ya esanse na mota ya umeme pamoja. Mengi yamenunuliwa yakiwa yametumika tayari huko Japani. Yanakunywa mafuta kidogo, na kwa mtu wa Nundu anayejua bei ya lita moja, hilo si jambo dogo. Lakini ile siku msumari unaingia, chofere anafungua buti, anainua kapeti, anakuta hakuna tairi ya akiba. Kuna chupa moja ya maji mazito na kapompi kadogo ka umeme. Basi.

Tutasema hapa chini namna ya kuongeza hiyo tairi. Kwanza tumuone mtu aliyeleta hii shida yote pamoja na raha yake. Kabla yake tairi ilikuwa mpira mgumu tupu au chuma, na kitu kigumu hakitobokaki. Yeye ndiye aliyetufanya tutembee juu ya hewa.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 huko Dreghorn, upande wa magharibi wa Scotland, katika familia ya wakulima. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na maisha yake yote alijiona mtu wa afya dhaifu, akijichunga kama yai, ingawa alifikisha miaka 81. Alienda Edinburgh kusomea udaktari wa wanyama, na akiwa na miaka kama 19 alikuwa amekwisha kuhitimu. Mwaka 1867 alivuka bahari kwenda Ireland. Huko Belfast kliniki yake ilikua mpaka ikawa moja ya zile kubwa za nchi nzima. Wakati huo mizigo na watu walikuwa wanavutwa na farasi, kwa hiyo daktari wa farasi alikuwa kama garajiste wa leo: mji hautembei bila yeye.

Alikuwa mtu wa ndevu ndefu, mpole, mwenye mikono inayopenda kutengeneza vitu. Vifaa vingine vya kazi yake alijiundia mwenyewe, na mpira ulikuwa kitu alichokizoea.

Mwaka 1887 mtoto wake wa kiume, Johnnie, alikuwa na kinga ya magurudumu matatu. Barabara za Belfast zilikuwa za mawe, na zile tairi ngumu zilikuwa zinamtikisa mtoto vibaya. Yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya moto kutoka hapa mpaka Mboko wakati wa mvua anaelewa. Baba akachukua duara la ubao, akalizungushia bomba la mpira mwembamba, akalifunika kwa kitambaa kilichopigiliwa misumari kwenye ubao, kisha akalijaza hewa kwa pompi ya mpira wa miguu. Halafu akafanya jaribio ambalo hata mtoto wa shule anaweza kulirudia. Alisukuma gurudumu la zamani kwenye uwanja wa nyumba, likaenda kidogo likaanguka. Akasukuma lile la hewa kwa nguvu ileile, likavuka uwanja wote mpaka likagonga nguzo ya lango.

Jaribio lile lilionyesha kitu ambacho pengine yeye mwenyewe hakukitafuta. Alitaka kumpunguzia mtoto mitikisiko, akagundua kwamba gurudumu la hewa linakimbia zaidi kwa nguvu ileile. Hewa inakubali jiwe liingie kidogo ndani ya tairi, halafu inalirudisha. Tairi ngumu inalazimika kuinuliwa juu ya kila jiwe, na kila kuinuliwa kunakula nguvu.

Mwaka 1888 alipata hati ya uvumbuzi. Watu waliziona zile tairi nene wakazicheka. Kicheko kilikoma mwezi Mei 1889, pale mwendesha kinga mmoja wa Belfast, Willie Hume, ambaye hakuwa akitajwa kati ya wenye mbio kubwa, alipozipanda akashinda mashindano yote aliyoingia siku hiyo. Kati ya walioshindwa walikuwemo vijana wa mfanyabiashara Harvey du Cros wa Dublin. Du Cros hakukasirika. Alifanya hesabu. Mwaka huohuo kampuni ikaanzishwa, Dunlop akiwa ndani yake na du Cros akiishika usukani.

Mwaka 1890 likaja pigo. Ile hati ilifutwa, juu Mscotland mwingine, Robert William Thomson, alikuwa ameandikisha gurudumu la hewa tangu 1845, wakati Dunlop alikuwa mtoto wa miaka mitano. Thomson alilifunga kwenye mikokoteni ya farasi huko London, likafanya kazi vizuri. Lakini lilikuwa ghali, kinga zenyewe zilikuwa hazijaenea, na dunia ikalisahau. Dunlop hakuwa amemwibia mtu. Alivumbua tena kitu kilichokwisha kuvumbuliwa, ila safari hii watu walikuwa tayari kukinunua.

Kampuni iliokoka kwa kununua hati za wengine: namna ya kushika tairi kwenye rimu kwa waya, na valvu ya kuzuia hewa isirudi. Dunlop mwenyewe alikuwa amehamia Dublin, na mwaka 1895 akajiondoa. Mwaka uliofuata du Cros aliiuza kampuni kwa pauni milioni 3. Fungu kubwa la pesa ile halikumfikia yule aliyeanza kwa ubao na misumari. Alimalizia maisha yake Dublin akiwa na hisa kwenye duka la nguo. Jina lake likabaki kwenye tairi, pamoja na picha yake. Kampuni ilipomchora kwenye matangazo akiwa amevalishwa kama bwana mapambo wa mjini, yeye mtu wa kawaida kabisa, alichukia mpaka akalifikisha jambo hilo kwa wanasheria.

Kuna upande wa habari hii ambao vitabu vingi vya tairi vinaupita mbio, na sisi Wakongomani hatuwezi kuupita. Katika Kiswahili chetu mupira ni tairi, ni kile kinachopigwa na vijana uwanjani, na ni ule utomvu wenyewe unaotoka mtini. Ile tairi ya Belfast ilihitaji utomvu, tena mwingi. Mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa bado hayajazaa. Mpira wa haraka ulikuwa msituni, Amazonia na Kongo.

Wakati huo Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kuanzia 1891 dola yake ilijitwalia mpira na pembe za ndovu. Kila kijiji kilipangiwa kilo zake. Wanaume waliingia msituni siku nyingi kukata mitambaa ya mpira. Kilo zikipungua, wake zao walifungwa kama mateka, watu walichapwa fimbo ya ngozi ya kiboko, vijiji vilichomwa moto, na askari wengine walikata mikono ya watu ili kuonyesha kwamba risasi zao hazikupotea bure. Mwaka 1890 Kongo ilitoa tani 100 hivi za mpira. Mwaka 1901 zilikuwa karibu 6.000.

Mateso yale yalishika zaidi Equateur, upande wa Mai-Ndombe na Kasai. Huku kwetu kando ya Tanganyika miaka ile ilikuwa ya vita vingine, kati ya dola ya Leopold na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Lakini tairi moja haisemi utomvu wake umetoka kijiji gani.

Waliopiga kelele ni pamoja na wamisionari, mwandishi Edmund Morel wa Liverpool, na konsuli wa Uingereza Roger Casement, ambaye alizaliwa karibu na Dublin, mji uleule alikohamia Dunlop. Casement alipanda mto Kongo mwaka 1903, akawasikiliza wanakijiji wenyewe, na ripoti yake ikatoka 1904. Miaka minne baadaye Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Mpira wa porini ulirudi tena mwaka 1942, pale Wajapani walipoyateka mashamba ya Malaya. Siku za kazi ya lazima kwa watu wa vijijini zikapandishwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka, na wengine wakarudishwa msituni kukata mitambaa ileile.

Dunlop hakuuona mzunguko huo wa pili. Alifariki Dublin tarehe 23 Oktoba 1921, akazikwa Deans Grange. Binti yake ndiye aliyechapisha kumbukumbu zake za tairi ya hewa.

Hewa sasa. Ubaya wake ni kwamba inatoka. Huko Ufaransa ndugu wawili, André na Édouard Michelin, waliliona hilo mapema. Mwaka 1891 walileta tairi ya kinga inayofunguka na kuzibwa haraka. Mwaka 1895 wakaingiza gari lenye tairi za hewa katika mashindano ya Paris kwenda Bordeaux na kurudi. Lilipata pancha nyingi sana, likafika Paris nje ya muda, lakini lilifika. Magari ya kwanza hayakuwa na gurudumu la akiba. Chofere alikaa kando ya njia, akafungua, akaziba, akapiga pompi, kama tunavyoona vijana wa moto wakifanya hapa. Ni mwaka 1904 ndipo ndugu wawili huko Llanelli, Wales, Thomas na Walter Davies, walipoanza kuuza rimu ya akiba yenye tairi iliyokwisha kujazwa. Waliita Stepney, jina la barabara ya duka lao. India mpaka leo tairi ya akiba inaitwa hivyo.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, viwanda vikaanza kuiondoa. Katika hibridi nyingi batri kubwa imelala nyuma, pale gurudumu lilipokuwa linakaa, na kila kilo inayopunguzwa inaokoa mafuta. Kwenye lami ya Tokyo, yenye garaji kila kona, chupa ya dawa inatosha. Hapa kwetu haitoshi. Ile dawa inaziba tundu dogo la msumari sehemu inayokanyaga chini. Ubavu wa tairi ukichanwa na jiwe, haisaidii kitu. Tena ina tarehe ya kuisha, na gari lililokaa miaka Japani mara nyingi linakuja na chupa iliyokwisha kufa. Mtu anayempeleka mgonjwa hospitali ya Nundu saa nne za usiku hawezi kutegemea chupa.

Basi, ukitaka kuongeza. Usinunue rimu kwa kuangalia jina la kiwanda peke yake. Aqua nyingi zina bolti 4, Prius ya kizazi cha tatu ina 5, na zote ni Toyota. Idadi ya bolti, nafasi kati yake, na tundu la katikati lazima vilingane. Jaribu rimu kwenye gurudumu la mbele na la nyuma palepale garajini, uizungushe, uone kama haigusi breki. Urefu wa tairi yote ukaribiane na zile tatu zitakazobaki. Ile nyembamba ya dharura inachukua nafasi kidogo, ila haipiti kilomita 80 kwa saa, na hewa yake ni nyingi, mara nyingi bar 4,2, karibu mara mbili ya tairi ya kawaida. Kwa njia yetu mimi ningechagua nzima, hata kama inakula nafasi ya mzigo.

Ukiwa na nyembamba na mbele ndiko kumetoboka, kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, hamishia mbele gurudumu zima la nyuma, halafu nyembamba uiweke nyuma. Ni kazi mara mbili lakini inalinda difereshio.

Usitoboe sakafu ya buti ili kuifunga. Chini kunaweza kuwa na batri au nyaya nene za rangi ya machungwa, na umeme wake unaua. Tumia ndoano zilizomo tayari, na mkanda wenye nguvu, kwa sababu gurudumu lisilofungwa linaruka mbele gari likigonga. Angalia pia tundu la hewa la batri, ambalo katika nyingi liko karibu na kiti cha nyuma. Ukiliziba kwa gurudumu au magunia ya samaki, batri inapata moto na kufa kabla ya wakati wake.

Pamoja na tairi nunua kriki na ufunguo wa bolti, juu gari lililokuja bila akiba mara nyingi linakuja bila hivyo pia. Kabla ya kuinua, weka P, vuta breki ya mkono, zima kabisa mpaka taa ya READY ipotee, na ufunguo uwe mbali. Hibridi ikinyamaza haimaanishi imezimwa. Injini yaweza kuwaka yenyewe wewe ukiwa chini.

Na tairi iliyolala buti nayo inapoteza hewa polepole, hata bila kazi. Kila mwezi, ukipitia kwa kijana wa pompi pale Baraka au Uvira, itoe aipime.